Hesabu Tuliyomwekea Mama

Katika msikiti wetu sanduku la sadaka halifunguliwi na mtu mmoja. Baada ya swala ya Ijumaa hukaa mkekani watu watatu: mmoja huzihesabu fedha, wa pili huzihesabu upya, na katibu huandika, kisha wote watatu hutia saini. Hakuna anayemshuku mwenzake. Utaratibu huo umewekwa kwa sababu mwanadamu husahau, hukosea, na mara nyingine hutamani, na kwa kuwa mali ile si yetu. Anayeishika kalamu hii ndiye katibu huyo, naye alipokuwa chuoni alisomeshwa, miongoni mwa mengine, hukumu za biashara na uzito wa kupunja mizani. Tunayataja haya mapema ili ndugu msomaji auone ukubwa wa aibu yetu. Watu tuliozoea kuhesabu mara mbili shilingi za sanduku tuliipokea hesabu ya mtu tusiyemjua, tukaitumia kumhukumu mama yetu mzazi.

Mama yetu ana umri wa miaka 64. Alipogundulika kuwa na maradhi ya sukari, daktari alimwanzishia vidonge, na mtaalamu wa lishe akamwagiza apunguze uzito, ambao wakati huo ulikuwa kilo 91. Akapangiwa asizidishe kalori 1,400 kwa siku. Kiwango hicho alipangiwa yeye baada ya kupimwa. Msomaji asijipangie kwa kulisoma gazeti.

Sisi watoto wake wanne tuliipokea kazi hiyo kwa bidii, labda kwa bidii iliyopita kiasi. Dada yetu mkubwa alinunua mizani ndogo ya jikoni. Mdogo wetu wa mwisho alipewa jukumu la kumpima mama uzito kila Jumamosi asubuhi. Katibu naye, kwa ada yake, alifungua daftari na kulipiga mistari: tarehe, chakula, kiasi, kalori, jumla. Chakula cha asubuhi na cha jioni kilipikwa nyumbani na kupimwa. Cha mchana, kwa kuwa sote tulikuwa kazini na mama huumwa miguu akisimama sana jikoni, kililetwa kutoka mgahawa mmoja wa hapa Magomeni, mtaa wa pili kutoka kwetu. Ulikuwapo mgahawa wenye chakula kitamu zaidi, lakini huu tuliuchagua kwa ajili ya menyu yake, kwani kila chakula kiliandikiwa kalori zake. Biriani ya kuku, 480. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, 510. Maharage na chapati mbili, 390.

Tarakimu za namna hiyo tulikuwa tumekwisha kuzizoea. Tulipompeleka mama Umra tuliziona Madina, kwa kuwa serikali ya Saudi Arabia tangu mwaka 2019 huitaka migahawa iwaonyeshe wateja kalori za kila chakula. Mama alicheka sana siku ile alipotafsiriwa menyu, akauliza kama na maji ya Zamzam yameandikiwa yake. Tulipoziona tarakimu zilezile Magomeni, zimechapwa vizuri kwa wino wa kijani kando ya bei, tulidhani nyuma yake kuna mkono uleule wa serikali na mizani. Hatukuuliza, na ajabu ni kwamba katika kikao cha kamati tungeuliza risiti ya ndoo ya rangi.

Zikapita wiki nane. Daftari lilikuwa safi kabisa: hakuna siku hata moja iliyovuka 1,400, na nyingine ziliishia 1,250. Lakini Jumamosi ya nane mama alipopanda kwenye mizani, ilisoma kilo 92 na nusu. Tuliihamisha mizani kutoka chumbani hadi sebuleni, ikasoma vilevile. Akapanda mdogo wetu, ikampa uzito wake anaoujua. Basi mashahidi walikuwa wawili, daftari na mizani. Wa kwanza alisema mama amepungua, wa pili akasema ameongezeka, na sisi tukatafuta mwongo. Hatukuutafuta uongo kwenye safu ya nne ya daftari, iliyoandikwa kwa hati yetu wenyewe na kwa hiyo ikawa na heshima machoni mwetu. Tulimtazama mama.

Tuseme ukweli ulivyokuwa. Siku ya Jumapili, mama akiwa amekwenda kwenye darasa la akina mama, tulilifungua kasha lake. Ni kasha la mninga alilonunuliwa na marehemu baba yetu, Allah amrehemu, na tangu utotoni hatukuwahi kulifungua bila idhini. Chini ya kanga tulikuta boksi la tende na kashata kumi na nne zilizofungwa karatasi mbilimbili. Aliporudi tulikuwa tumekaa sebuleni wote wanne, kashata ziko mezani, daftari liko wazi. Tulimwambia kwa upole, au kwa kile tulichokiona kuwa ni upole, kwamba tunamwelewa, kwamba nafsi ni dhaifu, lakini ni bora aseme.

Mama hakujitetea. Aliuvuta mtandio wake vizuri kichwani, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Wanangu, mimi nimewalisha bila daftari." Akaingia chumbani.

Jioni ile alikataa chakula. Vidonge, kwa kuwa ni mtu mwenye nidhamu, alivimeza. Usiku wa manane wifi yetu alimsikia akiita kwa sauti isiyokuwa yake. Tulimkuta ametota jasho, mikono ikimtetemeka, maneno yakimpotea. Kipimo cha sukari kilisoma 3.1. Tulimnywesha maji ya sukari, kijiko baada ya kijiko, yuleyule mama ambaye saa chache kabla tulikuwa tumemshitaki kwa kashata. Baada ya dakika kama ishirini alirudi katika hali yake, akatuuliza mbona tumesimama. Asubuhi daktari alituonya kwamba baadhi ya dawa za sukari hushusha sukari hata kama mgonjwa hakula, na kwamba mgonjwa aliyekwisha kuzimeza haachwi alale na njaa. Alituuliza ni kipi kilichomfanya asile. Katibu, msemaji wa kila kikao, hakuwa na la kusema.

Ni dada yetu mkubwa aliyeugundua ukweli, na kwa hakika aliugundua kwa hasira. Siku ya pili yake chakula kilipoletwa, badala ya kukipakua aliutenga wali wa biriani peke yake na kuuweka juu ya mizani ya jikoni. Gramu 410. Wali uliopikwa kwa maji matupu hukadiriwa kuwa na kalori 130 hivi katika kila gramu 100, na hayo yamo katika majedwali yaleyale tuliyokuwa tukiyatumia asubuhi na jioni. Kwa hiyo wali ule, kabla ya kuku, kabla ya rojo, kabla ya tone la mafuta, ulikuwa na kalori zaidi ya 530. Sahani nzima iliandikwa 480.

Alasiri hiyo tulikwenda mgahawani, si kwa ugomvi. Meneja ni kijana mstaarabu, anaswali safu ya pili msikitini kwetu, na alitukaribisha chai. Tulipomuuliza tarakimu zile zimepimwa wapi, hakuficha. "Ustadhi, zile aliziweka yule aliyetuchapia menyu. Alizitoa kwenye intaneti. Wateja wanazipenda." Alituita jikoni tuzungumze na mpishi, mzee wa makamo mwenye miaka mingi katika kazi hiyo. Tukamuuliza hupima vipi. Alinyoosha mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja juu, kana kwamba kipimo kiko pale.

"Sufuria hili latoa sahani sitini. Mafuta lita tatu. Nakaangia vitunguu, kisha yaleyale nayarudisha kwenye rojo na mengine juu ya wali. Na samli kidogo, ya harufu."

Tuliiacha samli ya harufu, tukahesabu mafuta peke yake. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi, na kila gramu ya mafuta hukadiriwa kalori 9. Lita tatu zikatupa karibu kalori 24,800. Gawanya kwa sahani sitini, kila sahani inabeba 413. Ongeza wali wake, ongeza robo ya kuku kwa makadirio ya chini ya 200, na sahani iliyoandikwa 480 imevuka 1,100. Siku tano za wiki, kwa wiki nane, tulimlisha mama chakula cha siku nzima adhuhuri, kisha jioni tukampimia uji kwa kijiko na kumkazia macho.

Tangu siku hiyo tumezisoma tarakimu hizi zinatoka wapi, na tuliyoyakuta yamezidi kutunyenyekeza. Kalori moja ya kwenye chakula ni joto linalotosha kuongeza nyuzi moja ya Selsiasi katika kilo moja ya maji. Mwanakemia wa Marekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuchoma vyakula ndani ya chombo maalumu, kupima joto lake, na kukadiria ni kiasi gani mwili hukitumia. Kwake ndiko zilikotoka hesabu zinazotumika hadi leo: gramu ya wanga 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Ni wastani, na wastani haumjui mlaji wala mpishi. Mwaka 2012 watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walionyesha kwamba kiasi cha lozi kilichokuwa kikihesabiwa kalori 170 kiliupatia mwili kama 129 tu, kwa kuwa sehemu ya mafuta hubaki ndani ya punje na kutoka nayo. Kwa hiyo hesabu huweza kupotea hata upande wa kuzidisha.

Na huko kwenye nchi zenye sheria? Marekani, tangu mwezi wa Mei 2018, migahawa yenye matawi 20 au zaidi hulazimika kuandika kalori. Uingereza iliyaamuru hayo mwezi wa Aprili 2022 kwa wenye wafanyakazi 250 au zaidi. Lakini kabla ya sheria hizo, mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walichukua vyakula 269 kutoka migahawa 42 ya Marekani, wakavipima maabara. Kwa wastani tarakimu hazikuwa mbali na ukweli, na hilo lazima lisemwe kwa uadilifu. Lakini karibu chakula kimoja katika kila vitano kilizidi kilichoandikwa kwa kalori 100 au zaidi, na vile vilivyoandikwa kuwa vyepesi ndivyo vilivyoelekea kuzidi. Fikiri ni nani anayechagua vyakula vyepesi. Mwenye afya hachungulii safu ile. Kosa linamwangukia aliyelazimika kuitegemea.

Katika chai baada ya swala tulijadiliana na imamu suala ambalo wanafunzi wa fiqhi watalipenda. Mgahawa ule haukupunja. Ulitupa chakula zaidi ya ulichotaja. Je, ni kosa la mizani? Imamu alisema kwamba mnunuzi aliyenunua wepesi akapewa uzito amepunjwa alichokitafuta, hata kama sahani ilifurika. Kisha akatukumbusha kwamba Suratul Mutaffifin haiwasemi wafanyabiashara peke yao, bali kila anayejipimia kamili na kuwapimia wengine pungufu. Hakutaja jina la mtu, lakini habari ya kasha alikuwa ameipata.

Meneja tulimshauri achague moja kati ya mawili: apime kwa kweli, mafuta kwa lita na wali kwa gramu, aandike kinachotoka jikoni mwake, au azifute tarakimu. Alifuta. Siku chache baadaye menyu zilikuwa na utepe mweupe kando ya bei. Alitunong'oneza kwamba wateja wawili watatu wamelalamika.

Kuomba radhi kulikuwa kugumu kuliko hesabu zote. Tulikwenda wanne, kama tulivyokaa wanne siku ile, na katibu ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akatuambia kwamba kashata zile ni za wajukuu, mbilimbili kwa kila mmoja, nao ni saba, na kwamba kama tulijua kuhesabu tungeliona. Tulihesabu. Ni kweli walikuwa saba.

Sasa chakula cha mchana hupikwa nyumbani usiku uliotangulia, na mafuta hutiwa kwa kijiko. Biriani ya mgahawani huja Ijumaa tu, mama hula nusu sahani na nusu ya pili humpa mjukuu atakayefika kwanza. Jumamosi iliyopita alikuwa kilo 87. Daftari bado lipo, ila limebadilisha mikono: alilichukua yeye, analiandika kila siku baada ya Isha, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu alichofundishwa chuoni utotoni. Katibu huyasoma anayoyaandika. Mdogo wetu hawezi, na mama amekataa kumsomea.