Mshale

Mimi na mdogo wangu tuliwahi kununiana siku mbili kwa sababu ya mshale. Si wa upinde, ni wa kwenye gemu.

Kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa Morrowind mwaka 2002. Mhusika wako ana stadi 27 na sifa 8: nguvu, akili, wepesi na nyinginezo. Ukipewa kazi, unaelekezwa njia kwa maneno: vuka daraja, shika kushoto, fuata mto. Baada ya hapo utajijua. Upanga unauona kabisa umempata adui, kumbe hesabu za ndani zimesema umekosa, stadi yako bado ndogo. Oblivion ya mwaka 2006 ikapunguza stadi hadi 21, ikaweka alama kwenye dira ya kukuonyesha pa kwenda. Skyrim ya mwaka 2011 ikabakiza 18, zile sifa 8 zikafutwa. Wapenzi wa gemu hizi wanavutana mpaka leo: hawa wanasema zimeharibiwa, wale wanasema zimepunguziwa mzigo.

Mimi nilikuwa upande wa Morrowind. Nataka kuandika riwaya, bwana, na kwangu kupotea njia ndiyo hadithi yenyewe. Usiku mmoja nilitafuta pango nikalikosa, nikaangukia kaburi la ukoo ambalo sikutumwa. Pango nimelisahau, kaburi nalikumbuka.

Dogo yeye alikuwa mtu wa Skyrim, kwenye kompyuta yetu ya mtumba, anafuata mshale kama kuku anayefuata mtama. Nikamwambia, "Wewe huchezi, unaburutwa."

Akanyamaza kidogo. "Kaka, wewe Kiingereza kinapanda. Mimi yale maelezo naona giza tupu. Bila mshale nakaa nje."

Nilikosa la kusema. Mimi nilifika kidato cha nne, yeye aliishia darasa la saba, ambako masomo ni kwa Kiswahili. Nilidhani nacheka gemu, kumbe namcheka yeye.

Siku ya tatu nikamfungulia Morrowind, nikawa namtafsiria maelekezo. Tukapotea wote. Upanga ulipokosa mara ya tano akasema, "Huu sasa ujinga," akarudi kwenye Skyrim yake. Lakini kabla ya kulala akaniuliza, "Lile kaburi lilikuwa la nani?"

Bado naamini Bethesda walikata mno. Kosa si mshale. Kosa ni kwamba ukiuzima, mara nyingi maneno ya kukuelekeza hayatoshi kukufikisha. Wangeacha vyote viwili, kila mtu achague.

Nikaufungua mswada wangu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno mazito niliyoyaokota kwenye kamusi ili nionekane nimesoma. Nimeuandika upya. Kaburi limebaki, na sijaeleza ni la nani. Msomaji wa kwanza atakuwa dogo.