Nilimshusha Kinyonga Korogwe kwa Ajili ya Staa, Joto Likatuumbua Wote

Najua mmezoea kuingia hapa kutaka kujua nani kamwagana na nani, lakini leo umbea ni wa kwangu mwenyewe. Staa yupo ndani, msijali, ila jina lake kapuni. Someni hadi mwisho halafu mnihukumu.

Januari iliyopita kodi ya chumba Dar ilinishinda. Nikabeba begi langu na simu yangu, nikapanda basi hadi Korogwe, halafu nikapanda mlima kwenda kwa bibi mzaa mama, kijiji kimoja cha juu kabisa huko tarafa ya Bungu. Nilijiambia nakaa wiki mbili. Nilikaa miezi mitatu.

Mimi nimekulia Handeni. Baba Mzigua, mama Msambaa wa huko huko mlimani. Kama hujawahi kukaa Handeni wakati wa kiangazi, basi hujui joto. Bati linalia ta-ta-ta mchana kweupe, mbuzi wanagombania kivuli na watu, na ukimaliza kuoga unaanza kutoka jasho kabla hujavaa shati. Maji yenyewe ya kuogea umepigania foleni ya madumu.

Sasa fikiria mtoto wa Handeni anaamka Januari hiyo hiyo kwa bibi, anakuta ukungu umeingia mpaka jikoni! Yaani unamsikia bibi anapuliza moto lakini humwoni. Ikifika saa nne ukungu unafunguka kama pazia, unaona bonde lote chini: mashamba ya mkonge kwa mistari, Mto Pangani kama uzi, na malori yanayotoka Segera madogo kama siafu. Mbali zaidi kuna weupe unaotetemeka kwa joto. Bibi alikuwa ananionyesha kwa kidole, "Kule kwenu kunaungua." Halafu anacheka na kujifunga kanga yake vizuri, maana kwake kuna baridi.

Jambo lenyewe ni la kawaida tu, hata darasani tulifundishwa: ukipanda mita 1000 joto linapungua kama nyuzi 6 hivi. Korogwe mjini ipo kama mita 300 tu kutoka usawa wa bahari, kwa bibi ni zaidi ya mita 1000. Kumbe unaweza kuhama msimu kwa nauli ya gari moja.

Na wanyama sasa! Wiki ya kwanza nilishindwa kulala. Usiku kuna kitu kinapiga kelele msituni kama mtu anayekabwa koo. Nikamwamsha bibi, nikamwambia kuna mtu anauawa. Akasema, "Mume wangu, huyo ni perere, lala." Perere ni mnyama mwenye ukubwa kama sungura hivi, anaishi juu ya miti, na wataalamu wanasema ukoo wake uko karibu na tembo. Mwili ule na sauti ile haviendani kabisa.

Asubuhi wanapita hondohondo. Mabawa yao yanavuma hadi unadhani kuna gari linapanda mlima. Hawa ndege wana mambo. Jike akitaka kutaga anaingia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo, unabaki mwanya mwembamba tu. Dume anamlishia hapo, kila siku, hadi makinda yakue. Mastaa wetu mnaoachana baada ya miezi miwili, mnasoma lakini?

Kuna mbega pia, wale weusi wenye mabega meupe marefu kama joho la mahafali. Na kuna mbayuwayu wanaokimbizana juu ya paa la bibi, ambao wakati wa baridi ya Ulaya wanakuja kula wadudu wetu, ikifika Aprili wanarudi kwao. Hao nao wanahama msimu, ila hawalipi nauli.

Basi bwana, nikawa napost picha. Watu wakapenda. Siku moja nikapost kinyonga dume wa pembe mbili, zile pembe zimetokeza puani kama vipande viwili vya msumeno. Huyu jamaa ni wa Usambara Magharibi tu. Zamani wataalamu walimchanganya jina moja na vinyonga wengine wa pembe mbili wa milima mingine, mpaka utafiti wa mwaka 2008 ulipowatenganisha. Maana yake ukimmaliza hapa, huendi kumtafuta pengine.

Usiku huo huo staa akaniandikia. Staa mkubwa, nyimbo zake mnazo kwenye simu zenu. Anarekodi video, anataka kinyonga yule atembee begani kwake. Laki mbili. Na zaidi ya hapo, nitakaa naye chini nifanye naye mahojiano ya kwangu peke yangu. Wadau, mimi ni kijana wa kidato cha nne niliyejifunza kublogu kwa simu iliyopasuka kioo. Mahojiano yale yalikuwa ndiyo maisha yangu. Akatanguliza elfu hamsini hapo hapo.

Nilijua ni kosa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kukamata mnyamapori, na mwaka 2016 serikali ilisitisha kusafirisha wanyama hai kwenda nje. Lakini nikajidanganya kwamba mimi simpeleki nje, namwazimisha tu, nitamrudisha.

Kumkamata kulikuwa rahisi kiasi cha aibu. Kinyonga usiku analala kwenye ncha ya tawi na rangi yake inapauka, ukimulika tochi anang'aa kama karatasi. Nilimkuta kwenye mdalasini nyuma ya choo. Nikamweka kwenye boksi la viatu nililolitoboa matundu. Bibi hamgusi kinyonga hata umlipe. Wazee wengi wanamwogopa, wanasema ndiye aliyechelewesha ujumbe wa uzima kwa binadamu. Asubuhi aliliangalia boksi, akaniangalia mimi, hakusema kitu. Akanipa ndizi za njiani.

Gari likaanza kushuka. Kona ya kwanza nikavua kofia. Kona ya kumi nikavua sweta. Kufika stendi ya Korogwe saa saba mchana, shati limeganda mgongoni. Mimi wa Handeni nalijua joto lile, nikanunua maji ya baridi nikanywa. Ndipo nikakumbuka boksi.

Nilipofungua kifuniko, hakuwa wa kijani tena. Amekuwa mweupe kama majivu, mdomo wazi, macho yale yanayozungukaga kila upande yamefumbwa. Hakunikaripia kwa kufungua mdomo kama usiku ule. Alikuwa anahema tu.

Wadau, nisiwafiche, sikufikiria sheria pale. Nilimkumbuka mama. Aliolewa kutoka mlimani akapelekwa Handeni akiwa na miaka 19. Mwaka wa kwanza wote aliumwa malaria, maana mwili wake haukuzoea mbu wa bondeni. Alikuwa ananisimulia, "Nilikuwa nakaa mlangoni usiku natafuta upepo wa kwetu, hauji." Mama hakuchagua joto lile. Na mimi nimembeba huyu ndani ya boksi, bado kuna masaa mengi ya basi mpaka Dar.

Nilimnyunyizia maji kwa vidole, nikatafuta bodaboda ya kupanda mlima. Elfu ishirini, jamaa hakupunguza hata mia. Kila kona baridi ikirudi nilikuwa nafungua boksi kidogo. Karibu na mashamba ya chai alifumbua jicho moja. Tulipofika nyumbani mbavu zake zilishaanza kurudi kijani.

Bibi alikuwa anachambua maharage uani. Nikamwamkia. Akaitikia, "Marahaba. Na mwenzio je?"

Nikamwambia yupo. Nikaenda nyuma ya choo nikamwachia kwenye mdalasini ule ule. Alichukua kama dakika kumi kufika tawi la pili.

Staa aliniblock kabla sijamaliza kueleza. Elfu hamsini zake nilimrudishia baada ya kuuza spika yangu. Video imeshatoka, kuna njiwa mweupe begani. Imependeza, siwezi kusema uongo. Mahojiano yamefanywa na blogu nyingine, nayo mmeyasoma sana, nimeona.

Usiku wa tatu nilitoka na tochi. Kwenye ncha ya tawi palikuwa na dume mmoja, pembe yake ya kushoto imekwaruzika kama ya yule niliyempakia kwenye boksi. Nikazima tochi, nikarudi ndani. Perere akaanza kelele zake, nikalala.

Haya, mimi nimejianika. Wewe ungekuwa mimi pale stendi, ungepanda basi la Dar au bodaboda ya mlimani? Dondosha komenti, na msiniulize jina la staa, nimesema kapuni!