Hodi Mlimani

Katika nyumba zetu mlango ulio wazi haumtoshi mgeni. Husimama kizingitini, akapiga hodi, akangoja karibu. Asipoitikiwa mara tatu hurudi zake, wala hakuna amlaumuye. Naona desturi hii ndogo yaeleza jambo kubwa lililoko Uingereza, nchi yenye vilima na malisho ya kupendeza, ambako watu weusi na wenye asili ya Asia huonekana kwa uchache sana.

Malango ya vilima vile hayakufunguliwa kwa hisani. Mwaka 1932 vijana wafanyakazi walipanda Kinder Scout, mlima uliohodhiwa na matajiri kwa uwindaji wa ndege, watano wakafungwa. Sheria ya hifadhi za taifa ilitoka 1949, na hifadhi ya kwanza, Peak District, ikatengwa 1951. Sheria ya mwaka 2000 ikawapa watu wote haki ya kutembea katika nyika za wazi. Basi kwa sheria hakuna aliyekatazwa.

Lakini sheria hufungua mlango; haisemi karibu. Nilipozuru Sheffield, mji ulio jirani na hifadhi hiyo, nilikaribishwa na mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, aliyeviona vilima dirishani pake kwa miaka ishirini. Nilimwuliza kama amepata kufika. Akanijibu, "Mwanangu, mlima nauona, mwenyeji wake sijamsikia." Gari hana, njia haijui, na katika picha za matangazo hajaona sura kama yake.

Wapo wasemao kwamba watu hawa hawapendi mashamba. Hoja hiyo ni dhaifu. Wengi wao, au wazazi wao, walilelewa vijijini Punjab, Sylhet na Jamaika, nao wajua harufu ya udongo ulionyeshewa. Walichokosa ni mwito.

Mpango wa Mosaic, uliofanya kazi katika hifadhi za taifa kati ya 2009 na 2012, ulilifahamu hilo. Uliwafundisha watu wa jamii zile wenyewe kuwa viongozi, wakawachukua jamaa na jirani zao. Aliyekuwa akibisha jana akawa ndiye aitikiaye.

Kazi ya namna hiyo yastahili kudumu, wala isihesabiwe sadaka. Hifadhi hutunzwa kwa fedha za umma, na mama yule amelipa kodi miaka yote. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake.