MTOTO NYUMBANI, SEHEMU YA 14: Doti nyekundu ya baba, betri mdomoni mwa mtoto

Leo naomba na akina baba wasome.

Mama mmoja wa hapa Mbeya kanitumia swali inboksi. Mume wake ni mfanyabiashara, anamiliki bastola ndogo kihalali kwa sababu anatembea na fedha za mazao kutoka Tunduma. Sasa ameagiza kifaa cha kulengea chenye doti nyekundu, anataka kukifunga mwenyewe sebuleni Jumapili. Wana mtoto wa mwaka na nusu. Je, kuna hatari?

Ipo mama, tena zipo mbili.

Kwanza tukijue chenyewe. Hii si doti ya khanga jamani! Ni kioo kidogo kinachokaa juu ya bastola, ndani yake taa ndogo inaonyesha nukta nyekundu kwa yule anayelenga tu. Haimuliki ukutani kama leza. Inasaidia kweli, hasa kwa macho yaliyoanza kuzeeka, maana mtu anaangalia anacholenga badala ya kupanga vyuma viwili mstari mmoja.

Lakini hakifungwi kama kava la simu. Kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola ikipigwa lazima kiwe kimechongwa sawa na kifaa chenyewe. Skrubu zinakazwa kwa kipimo, la sivyo mtikisiko unazilegeza. Kisha lazima kupiga risasi uwanja wa shabaha ili kulinganisha doti na pale risasi inapotua. Kwa hiyo kazi hii ni ya fundi wa silaha anayetambulika, siyo ya sebuleni. Na kabla ya kununua au kuchonga chochote, baba awaulize polisi, maana silaha zetu zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015 na leseni ni ya kwake, siyo ya fundi.

Hatari ya kwanza unaijua: bastola mezani, mtoto chini ya meza. Kuna jambo akina mama wengi hawalijui. Magazini ikitolewa, risasi moja inaweza kuwa bado imo kwenye chemba, na hiyo moja inatosha kuua. Kwa hiyo magazini inatoka kwanza, kisha chuma cha juu kinavutwa nyuma, na chemba inaangaliwa kwa macho na kuguswa kwa kidole. Risasi zote zinakaa chumba kingine. Kazi ikiisha, bastola inarudi kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, siyo juu ya kabati wala chini ya mto. Mtoto anapanda, mwenzangu.

Hatari ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Hiyo doti inatumia betri bapa kama sarafu, mara nyingi CR2032. Upana wake ni milimita 20, unene 3.2. Ni saizi inayokwama vizuri kabisa kwenye umio wa mtoto mdogo. Na vifaa vingine betri yake iko chini, kwa hiyo kila ikibadilishwa kinafunguliwa, na betri ya zamani inabaki mezani. Baba anaona imekwisha. Haijaisha! Moto uliobaki ndani yake unatosha.

Betri ikikwama, mate yanakamilisha njia ya umeme, na pale inapogusa nyama panatengenezwa kemikali kali inayounguza. Ndani ya saa 2 tu umio unaweza kuungua vibaya. Unaweza hata kutoboka na kufikia mshipa mkubwa wa damu, siku kadhaa baada ya betri kutolewa.

Dalili: udenda mwingi, kukataa kula, kutapika, kikohozi, kukoroma kifuani. Sasa fikiria mwezi wa saba, baridi ya Mbeya, Iringa na Mafinga, nani hakohoi? Ni rahisi kusema ni mafua. Ndiyo maana ukifika hospitali usiseme tu "anakohoa". Sema: "Nahisi amemeza betri, naomba apigwe X-ray." Kwenye picha inafanana na sarafu, ila betri huonyesha duara mbili pembeni.

Usimtapishe. Usimpe chakula wala maji. Kama amezidi mwaka 1, anameza vizuri, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6, mkiwa NJIANI. Asali inapunguza kuungua, haitoi betri. Usichelewe kuondoka kwa kuitafuta. Chini ya mwaka 1, usimpe kabisa. Betri ikiingia puani au sikioni nako inaunguza, kimbia vilevile.

Leo usiku, kabla ya kulala, kagua droo. Betri hizi zimo pia kwenye rimoti ya gari, mizani ya jikoni na vinyago vinavyowaka. Zilizotumika zifunge kwa selotepu pande zote mbili, ziweke juu, zifungiwe.

Na wewe mama uliyeniuliza, mwambie baba watoto kwa upole: doti iende kwa fundi, na betri ihesabiwe kama risasi. Ngapi zimeingia ndani, ngapi zimetoka.

Mtumie mwenzio mwenye mtoto anayetambaa. Maswali karibuni hapo chini, najibu nikitoka zamu.