Picha za Safari ya Treni

Wengi wetu hapa Simbo tukisikia picha nzuri za safari ya treni, hufikiria Ulaya. Mwaka 2019 nilirudi kutoka Tabora kwa Reli ya Kati, nikiwa na simu yenye kamera, nikaona hata njia yetu ina mandhari ya kuvutia.

Kwanza, penye kona: treni inapopinda, kichwa na mabehewa huonekana pamoja kupitia dirishani. Pili, mto Malagarasi, hasa jua la asubuhi likiwa bado chini. Tatu, stesheni ya Kigoma, jengo la Wajerumani. Reli ilifika hapo mwaka 1914.

Uvinza, mji wa chumvi, ilinivutia kuliko pote kwa wachuuzi wake wenye mabeseni vichwani. Nilimwomba ruhusa mama mmoja muuza ndizi. Akasema, "Hapana, mwanangu." Nikatia simu mfukoni, nikanunua ndizi, tukaongea hadi honi ilipolia.

Picha hiyo sinayo. Mto hauombwi ruhusa, lakini mtu huombwa, na akikataa, basi. Asiyejua hilo, hata akifika Ulaya atarudi na picha za wizi.