Hesabu ya Watu Wawili

Kwinini ndiyo iliyonifundisha kuhesabu. Nilipoingia wodi ya watoto nikiwa mwanafunzi wa uuguzi mkoani Tanga, malaria kali ilikuwa bado inatibiwa kwa dripu ya kwinini, na msimu wa masika watoto walilala wawili wawili kitandani. Kwa malaria ya kawaida tulikuwa tumeshaacha vidonge vya SP na kuanza kutoa dawa mseto, ALu, lakini mtoto aliyefika na degedege au akiwa hana fahamu alitundikiwa kwinini, na hiyo haikuwa dawa ya kukadiria. Ikiingia haraka huteremsha shinikizo la damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Hata ikiingia taratibu, yaweza kushusha sukari ya mtoto ambaye tangu jana hajatia kitu tumboni.

Darasani tulikuwa na kanuni moja: dozi inayotakiwa, gawanya kwa dozi iliyopo, zidisha kwa ujazo. Tuliikariri njiani, bwenini, jikoni. Mtihani ulitupa kila kitu mkononi, yaani uzito wa mtoto, nguvu ya dawa na ujazo wa ampuli. Wodini hukupewa chochote. Uzito uliutafuta mwenyewe kwenye mizani, nguvu ya dawa uliisoma kwenye maandishi madogo yaliyofifia, na swali zito kuliko yote halikuwemo kabisa kwenye kanuni: "Mama, kule zahanati mtoto alichomwa sindano gani, na saa ngapi?"

Jibu la mama lilibadili hesabu nzima. Dozi ya kwanza ya kwinini ilikuwa miligramu 20 kwa kila kilo, kisha miligramu 10 kwa kilo kila baada ya saa 8. Mtoto aliyekwisha kupewa kwinini alikotoka hakutakiwa kupewa ile kubwa tena. Kwa mtoto wa kilo 12 anayeanza, ni miligramu 240. Ampuli yetu ilikuwa na miligramu 300 katika kila mililita, kwa hiyo unavuta mililita 0.8, unaichanganya kwenye mililita 120 za dekstrozi ya asilimia 5, na inaingia kwa saa 4. Mpira mdogo wa watoto hudondosha matone 60 kwa mililita moja, hivyo idadi ya mililita kwa saa ndiyo idadi ya matone kwa dakika. Mililita 30 kwa saa, matone 30 kwa dakika. Nilipolielewa hilo sikulisahau tena, na sioni kwa nini wakufunzi wengine huwaficha wanafunzi njia hii fupi hadi mwishoni.

Sista wa zamu aliyenilea pale wodini alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya chini, kalamu yake haikosi mkononi. Kabla sijagusa karatasi aliniuliza: "Mwanangu, kwa akili yako tu, itazidi mililita moja au itapungua?" Nikishajibu ndipo aliniruhusu kukokotoa. Alitaka niwe na picha ya jibu kabla ya jibu lenyewe, kwa sababu nukta ikihama nafasi moja, dozi inakuwa mara kumi au sehemu ya kumi, na karatasi haitakuambia. Atakayeshtuka ni mtu aliyekwisha kutarajia kitu fulani.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa halijawa kawaida wodini wakati ule. Desturi ilikuwa mwanafunzi akimaliza hesabu aende kwa mkubwa wake aseme, "Sista, nimepata 0.8, ni sawa?" Sista anatupa jicho, anasema sawa. Yeye alikataa. Alisema ukishamwonyesha mtu jibu lako, macho yake yanalifuata hilo hilo. Alichukua faili, akanigeuzia mgongo, akahesabu kwenye karatasi yake kuanzia kwenye uzito, kisha tukaweka karatasi mbili pamoja. Zikitofautiana, hakuna aliyeshinda. Tulirudi wote wawili kwenye mizani.

Mizani inastahili maneno zaidi ya inavyopewa. Ile ya kuning'inia ilifaa kwa wachanga wa kliniki. Mtoto mgonjwa, mwenye kanula mkononi na mama aliyejaa hofu, mara nyingi alipimwa akiwa amepakatwa: unampima mama na mtoto, kisha mama peke yake, unatoa. Njia hii inafaa kama mizani inaonyesha gramu. Kwa ile ya mshale inayoruka kilo hadi kilo, kosa la kilo moja kwa mtoto wa kilo 5 ni kosa la sehemu ya tano ya dozi, na hapo hata hesabu safi kabisa haisaidii.

Kisha kwa malaria kali ikaja artesuneti. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, wakiwemo wa Muheza na Korogwe, mkoani kwetu. Kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, kati ya waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto pia. Dripu za saa nne nne zikaondoka, na kuhesabu matone ya kwinini kukaondoka nazo. Wengi tulidhani kazi imekuwa nyepesi.

Ilikuwa imehama tu. Artesuneti huja ikiwa unga wa miligramu 60 kichupani. Unauyeyusha kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, unaongeza mililita 5 za saline, unapata miligramu 10 kwa mililita ya kuchoma kwenye mshipa. Ukikusudia kuchoma kwenye msuli unaongeza mililita 2 badala ya 5, na nguvu inakuwa miligramu 20 kwa mililita. Dawa ile ile, kichupa kile kile, na mililita zilezile zinabeba dozi maradufu. Mwaka 2015 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukabadilika tena: watoto walio chini ya kilo 20 wapewe miligramu 3 kwa kilo, wengine wabaki na 2.4, kwa sababu ilionekana miili ya wadogo ilikuwa inapata dawa pungufu. Ndiyo maana mtoto wa kilo 19 hupata miligramu 57 na wa kilo 20 hupata 48. Sasa nami ni mkufunzi, na wanafunzi wangu wakikutana na hesabu hiyo hudhani wamekosea, nami hufurahi, maana kushtuka kwao ndiko ninakokutafuta. Wakishashtuka wanafungua mwongozo.

Unga una ujanja wake mwingine. Penisilini ya sindano, X-pen, ya yuniti milioni 5 ukiitia maji mililita 8 inakuwa mililita 10, kwani unga wenyewe unachukua nafasi ya mililita 2. Mwanafunzi anayetia maji mililita 10 akaamini ana mililita 10 ana 12, na kila mtoto wa wodi hiyo anapata dozi pungufu bila mtu kujua. Jentamaisini ya wachanga nayo huja kwa nguvu tofauti: ampuli moja ina miligramu 80 katika mililita 2, nyingine 20 katika mililita hizo hizo. Kichanga wa kilo 2.5 anayehitaji miligramu 12.5 atapewa mililita 0.31 ya ile na 1.25 ya hii. Anayevuta kwa mazoea ya jana anaweza kutoa mara nne, kwa dawa inayodhuru figo na masikio.

Leo kila mwanafunzi ana kikokotoo kwenye simu, na siwakatazi. Ninachodai ni makadirio kwanza, yaandikwe kwenye chati pamoja na uzito na saa ya kupima, na sifuri iwekwe mbele ya nukta: 0.5, kamwe si .5. Baada ya nukta isiwepo sifuri isiyo na kazi, maana 5.0 yenye nukta hafifu husomwa 50.

Usiku ndio unaonisumbua. Muuguzi yuko peke yake na wodi nzima. Wa pili atoke wapi? Nimezoea kumpigia mwenzangu wa wodi ya wazazi, nikamtajia uzito, dawa na nguvu yake, bila kumtajia jibu langu, nikasubiri la kwake. Ni njia ya kubahatisha, kwani huenda yeye anazalisha. Suluhisho ni wauguzi zaidi, na hilo halimo katika uwezo wa mkufunzi. Kilichomo katika uwezo wetu ni mtihani. Karatasi ninazosahihisha bado humpa mwanafunzi uzito ukiwa umeandikwa tayari. Ningependa apewe mizani, mwanasesere wa mazoezi mwenye uzito asioujua, kichupa cha unga, na mwanafunzi mwenzake wa kuhesabu akiwa amempa mgongo. Na wote wawili wapewe alama moja.