Mchanga wa Assateague

Tuliondoka Baltimore alfajiri, tukavuka daraja la Ghuba ya Chesapeake, tukapita mashamba na mabanda ya kuku ya Maryland mashariki hadi Ocean City. Mwenyeji wangu alidhani nataka kuona maduka na pembea za ufukweni. Nikamwomba, "Kaka, twende kwanza kusini, mji unakoishia."

Huko kuna mlango wa bahari ambao haukuwepo kabla ya Agosti 1933. Kisiwa kilikuwa kimoja, chembamba, kirefu, bahari upande huu na hori upande ule. Ikapiga tufani, maji yaliyofurika horini yakakipasua kisiwa na kutokea baharini, yakaling'oa na daraja la reli. Wavuvi walipata njia ya mkato. Ila mlango kama huo ukiachwa hivihivi, mchanga huuziba, ndipo Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kikajenga kuta mbili za mawe, mwaka 1934 na 1935.

Niliukaribia ukuta wa kaskazini. Mawe yake ya juu, mengine makubwa kama meza ya kulia, yamepangwa yakabane kwa pembe zake. Wimbi lilikuja, likaingia kwenye nyufa, likatoka povu tupu, limekwisha nguvu. Ukuta wa aina hii una tumbo la mawe madogo, juu yake tabaka la mawe ya wastani ili madogo yasifyonzwe nje, halafu mawe mazito ya kupokea kipigo. Hesabu ya uzito wake ilinishangaza nilipoisoma mara ya kwanza: wimbi likiongezeka kimo mara mbili, jiwe linatakiwa liwe zito mara nane. Ncha ya ukuta hudai mazito zaidi, maana hupigwa kutoka pande nyingi.

Maji yalikuwa yanapwa. Mkondo, ukibanwa na kuta zote mbili, ulikwenda kasi kiasi cha boti moja ya uvuvi kuingia kwa shida. Ndivyo ilivyokusudiwa, mkondo uufagie mlango wenyewe.

Nimekulia Kunduchi, ambako bahari imekula viwanja na majengo, na nimeona kuta fupi za mawe zikimpa mwenye kiwanja hiki mchanga na kumnyima jirani yake. Kwa hiyo macho yangu yalikwenda ng'ambo. Pwani ile mchanga husafiri kutoka kaskazini kwenda kusini, na ukuta wa kaskazini umeunasa. Upande wa mji ufuko ni mpana mno, unatembea mpaka unachoka ndipo ufike majini. Upande wa pili, Assateague, kisiwa cha farasi wa porini na hifadhi ya taifa tangu 1965, kimenyimwa. Sehemu yake ya kaskazini imesogea kuelekea bara kupita upana wake wote. Ukitazama kutoka ukutani, fuko mbili zilizokuwa mstari mmoja hazikutani tena.

Tangu 2004 meli za kuchimba mchanga huuzoa karibu na mlango na kuupeleka Assateague, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Nafurahi kwamba zinafanya hivyo. Lakini maadamu kuta zipo, kazi hiyo haina mwisho, na gharama yake ilistahili kuandikwa kwenye hesabu moja na mawe tangu 1934.